Dalmas na Wali Mweupe wa Al-Rawdah

Kabla hajawa mtu wa dengu, Dalmas Nyakundi alikuwa mtu wa nyama, na si yule wa kuionja Krismasi kwa Krismasi. Pale Keroka wauza nyama walimwita Mifupa. Siku ya soko aliingia buchari mapema, akaketi karibu na gogo la kukatia kama karani wa mahakama, na kikombe cha supu kikamfuata bila kuagizwa. Mkewe, Hannah, alizoea kusema kwamba mumewe akifa wasimwagie udongo, wamwagie kachumbari.

Kisha akazaliwa Valentine, na tundu kwenye moyo.

Alikuwa mtoto mwembamba mwenye midomo ya rangi ya zambarau. Akinyonya kidogo, anahema kama mzee aliyepanda mlima wa Manga na gunia mgongoni. Walipompeleka Eldoret kupasuliwa, Dalmas alisimama nje ya mlango pamoja na mchungaji wao, aliyekuwa amekuja na Biblia na chupa ya uji. Mchungaji akamweleza kwamba Mungu hapewi makombo. Anayeweka nadhiri na atoe kinachouma. Dalmas akajipekua. Pombe hanywi. Sigara havuti. Wanawake wa nje hakuwa na sura yao wala nauli yao. Kikabaki kitu kimoja tu. Akatamka kwa sauti kwamba mtoto akiamka, yeye hatatia kinywani nyama ya kiumbe chochote maadamu mtoto yu hai. Mchungaji aliwajua waumini wake, akamuuliza, na supu je? Maana wengi humwibia Mungu kwa kikombe. Dalmas akafumba macho.

"Nyama wala supu yake," akasema.

Mtoto akaamka.

Keroka ilicheka mpaka ikachoka. Mifupa amekuwa mbuzi, walisema, mwacheni, mtakuta analamba ukuta. Lakini Valentine alitembea, akakimbia, akaanza kuiba sukari na kuwasingizia panya. Dalmas akimtazama hakuwa na shaka hata chembe: kinywa chake na moyo wa yule mtoto vilikuwa vimefungwa kamba moja. Yeye akikaza upande huu, upande ule unadunda. Hannah pia aliamini hivyo, tena kuliko yeye, na wakigombana hakumkumbusha mahari wala madeni, alimkumbusha nadhiri.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kumi na kitu, mawakala wa kazi za Saudia walipita vijijini wakichuma watu kama chai: majani mawili na chipukizi, mzee abaki kwenye mti. Dalmas alikuwa na leseni na mkono mwepesi wa usukani, wakamchuma. Waliuliza magonjwa, wakauliza dini, wakauliza kama anaweza gari lisilo na klachi. Anakula nini, hakuna aliyeuliza. Ng'ombe akipelekwa mnadani haulizwi anapenda nyasi ya wapi.

Alifikia Riyadh, kwenye nyumba ya mtu mmoja mnene mpole ambaye watoto, mpishi na hata paka walimwita Baba. Siku ya kwanza likaja sinia la wali mwekundu, na juu yake nusu ya mbuzi amelala chali kama mgonjwa wa wodi. Baba akamwonyesha kwa mkono akae ale. Dalmas akautazama ule wali, akautambua kuwa ni binamu wa pilau, na wali wa rangi ile haujakutana na nyama leo mezani, wametoka mbali pamoja. Akala matango. Kesho yake akala matango. Madam, mkewe Baba, akaanza kuingiwa na hofu, kwa sababu mfanyakazi asiyekula, kwa wanavyojua wao, ama ni mgonjwa, ama anapanga kutoroka, ama ana mambo yake ya kwao. Baba akamwita amuulize. Kiarabu cha Dalmas wakati huo kingeenea kwenye kisanduku cha kiberiti na njiti zisibanwe. Akasema alichoweza: "Mafi lahm, Baba." Nyama hapana.

Baba akamwonea huruma, akaagiza aletewe kuku.

Kumbe nchi ile nyama ni ya mnyama wa miguu minne. Kuku ana chama chake. Dalmas akamkataa kuku, akaletewa samaki, naye pia ana chama chake. Alipomkataa samaki Baba akainua mikono juu, akasema halas, basi, ajitafutie.

Aliyemsaidia kujitafutia alikuwa Bonface, dereva wa nyumba ya jirani, Mkamba wa Machakos mwenye mdomo usio na breki. Siku ya mapumziko alimpeleka Al-Shumaisi, mtaa mkongwe katikati ya jiji ambako kila unayekutana naye ni mtumishi wa mtu. Huko Dalmas alizaliwa upya. Kulikuwa na Mwafghani anayechomoa tanurini mikate mirefu kama mkono. Kulikuwa na Myemeni na dumu lake la ful, maharagwe yaliyopondwa yakamwagiwa mafuta na bizari. Na kulikuwa na Mhindi wa Malabari, ambaye watu walimwita Sadiki kwa sababu naye aliita kila mtu sadiki, yaani rafiki, mwenye dengu nzito na chapati za kupigwa. Dalmas alimhoji kama polisi. Mafuta haya ya nini? Kijiko hiki kimetoka sufuria gani? Mwishowe yule Mhindi akachoka, akawa akimwona mlangoni anafunua sufuria mwenyewe na kuiinamisha aone mpaka chini.

Bonface alikuwa akikaa mbele yake makusudi na nusu kuku.

"Buda, ng'ombe hula nini?"

"Majani."

"Basi nyama ni majani. Imepitia tu kwa ng'ombe. Wewe umeyakataa majani kwa sababu yamechukua njia ndefu."

Dalmas alicheka, akamega chapati yake. Mwili ulipungua, mshipi ukatafuta tundu jipya, lakini kila wiki Hannah alimtumia picha: Valentine na pengo, Valentine na sare ya shule imezidi magoti, Valentine amembeba mtoto wa jirani kama mzigo wa kuni. Upande ule ulikuwa unadunda. Mtu angeweza kuishi hivyo mpaka mkataba uishe.

Kisha mama yake Baba akaugua.

Alikuwa bikizee wa asili ya Taif, anayeishi Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Wafanyakazi walimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, na kwa kweli hapakuwa na aliye juu yake ndani ya nyumba ile, Baba mwenyewe alimbusu kichwa kabla ya kuketi. Figo zilikuwa zimemchoka. Baba akaamua familia nzima ihamie kwake mpaka apate nafuu, na Dalmas akaendesha gari kutwa nzima kukata jangwa, akisimama kwenye vituo vya mafuta ambako chakula ni wali wa nyama, wali wa kuku, na kuku mwenyewe anazungushwa motoni kwenye kioo kama mtu aliyekamatwa ugoni. Alifika Jeddah akiwa amekula biskuti na maziwa ya mgando.

Al-Rawdah ilimkata maini. Ni mtaa wa kuta ndefu, maua yamejimwaga juu ya kuta, na mikahawa yenye viti ambavyo dereva havikalii, huvitazama kupitia kioo cha gari. Mkahawa mmoja pale kona ulikuwa na chakula cha wasiokula nyama. Dalmas alikiona kwa macho yake siku aliyokuwa akimsubiri madam: vijana wa kitajiri wameletewa bakuli la majani mabichi na mbegu, wanalipiga picha kwa heshima kama maiti ya mkuu wa wilaya. Kutokula nyama kwao kulikuwa na menyu, na mto wa kuegemea. Yeye hata mlangoni asingefika.

Na Baba alikuwa ametoa amri: gari lisiondoke getini bila ruhusa, na dereva asiondoke kwenye gari, kwa sababu Mama Kabira anaweza kuzidiwa wakati wowote. Kwa hiyo hapakuwa na Al-Shumaisi nyingine ya kutafuta. Mara moja tu alimpeleka madam Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kununua vitambaa, na huko, kati ya zile nyumba kuukuu za mawe ya bahari, pua yake ikakamata bizari ya ful kabla macho hayajaona duka. Akapanga foleni nyuma ya wachukuzi. Ful ikatiwa kwenye mfuko, mkate ukaviringishwa gazetini, na hapo hapo simu ikalia, yalla, twende, madam amemaliza. Dalmas akakimbia na mfuko wake, akauweka chini ya kiti, na kwenye kona ya kwanza ful ikajimwaga yote. Gari likanuka maharagwe kwa muda ambao madam hakuusahau. Kuanzia siku hiyo chakula ndani ya gari ni marufuku.

Kilichobaki ni jiko la nyumba, na jiko lilikuwa la Maryann.

Maryann alikuwa msichana wa Mwea kwenye mashamba ya mpunga, Mkristo, amekaa na Mama Kabira muda wa kutosha kujua Kiarabu cha kugombana. Dereva na mfanyakazi wa ndani hawakutakiwa kuzoeana, kwa hiyo walizungumza kupitia dirisha la jikoni, yeye akiosha vyombo na Dalmas akijifanya anafuta gari. Alipojua habari za nyama akampa jina la Pasta. Si mtu wa roho mbaya, alijaribu. Siku moja akamwita kwa furaha, akampa bakuli la majani ya kijani yanayovutika, na moyo wa Dalmas ukaruka kwa sababu alikuwa anautazama mrenda, mrenda kabisa, ule wa mamake. Akakoroga kwanza, kama kawaida yake. Kijiko kikaibuka na shingo ya kuku. Alirudisha bakuli, akaenda kufuta gari lililokwisha kung'aa.

Bamia zao zina nyama. Maharagwe yao mabichi yana nyama. Supu yao ya shayiri ina nyama imejificha chini kama deni. Dalmas akaishi kwa mkate, vitunguu na tende, na baada ya muda kichwa kikaanza kumzunguka kwenye usukani. Siku aliyogonga nguzo ya geti akiwa anarudi nyuma, mwendo wa kinyonga, Mama Kabira alikuwa dirishani.

Bikizee akamwita Maryann, akataka kujua kwa nini yule dereva anakula kama ndege. Maryann akamweleza: ameweka nadhiri kwa Mungu kwa ajili ya mtoto wake, hali nyama. Mama Kabira, anasema Maryann, naye alikuwa amezika mtoto zamani. Kisha akasema nadhiri ni nadhiri, haijalishi imetoka kinywa cha nani, na kuanzia leo yule mtu atapikiwa saliki.

Saliki ni chakula cha kwao Taif. Ni wali uliopikwa mpaka ukalainika ukashikana, ukamalizwa kwa maziwa, mweupe kama pamba, na kuku wa kuoka hulazwa juu yake wakati wa kuandaa. Mama Kabira aliamuru sahani ya Dalmas ipakuliwe kwanza, kabla ya kuku kuwekwa, lisije likadondoka hata tone la mafuta yake. Akasimama jikoni mwenyewe na mkongojo wake kuhakikisha. Maryann akaileta getini imefunikwa.

Dalmas alifunua. Akageuza wali kwa kijiko mpaka chini, pembe zote. Akanusa: maziwa, na harufu kidogo kama ya ubani.

"Hakuna nyama?"

"Hakuna nyama, Pasta. Mama Kabira mwenyewe amesimama hapo kama askari wa benki."

Kwao, wali ni wali na mchuzi ni mchuzi. Wali unachemshwa kwa maji, mchuzi unachemka kwa sufuria yake, wanakutana kwenye sahani. Wali ukiguswa na nyama hubadilika rangi ukaitwa pilau, na kila mtu anajua. Huu ulikuwa mweupe. Mtu aliyemfanya Mmalabari afunue sufuria kila wiki hakuuliza zaidi. Njaa ilikuwa inamsukuma, hilo ni kweli. Lakini pia hakuna mtu mwenye adabu anayeomba kuchungulia sufuria ya bikizee mgonjwa aliyesimama kwa ajili ya Mungu wako. Akaomba, akala, akaikwangua sahani.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Saliki ya Dalmas hupakuliwa kwanza. Mashavu yake yakarudi, kizunguzungu kikaisha, mshipi ukarudi ulikotoka. Usiku na mchana alimwombea Mama Kabira kwa jina, akiziombea na figo zake, mpaka Maryann akamwambia Mungu atadhani amehamia dini ya watu. Bonface akampigia kutoka Riyadh, akaisikia sauti yake imenona, akamshuku kuwa ameanza kuiba kuku. Dalmas akamjibu kwa majivuno kwamba Bwana huandaa meza, tena jikoni kwa watu.

Ilikuwa katikati ya shibe hiyo Hannah alipopiga simu kusema Valentine anachoka.

Hakulisema kwa hofu. Alisema tu kwamba mtoto siku hizi akienda shule anakaa chini njiani, na mwalimu amegundua kucha zake zina rangi isiyo nzuri. Atampeleka kliniki. Kisha akauliza, kwa njia ya mbali, kama huko Dalmas kuna tatizo lolote. Dalmas alielewa anachoulizwa, akajibu kwa kifua wazi kwamba hajaonja chochote, na kama anadanganya ulimi wake ukauke. Jioni hiyo alimkumbusha Mungu makubaliano yao, bila ukali, kama mtu anayemwonyesha kondakta tiketi. Upande wangu nimekaza, alisema. Angalia na upande wako.

Wiki hiyo hiyo akatumwa supamaketi pamoja na Maryann, madam akiwa amebaki garini na simu yake. Dalmas akasukuma mkokoteni. Mbele ya friji za kuku Maryann akachukua mmoja, akampima kwa mkono, akachukua wa pili.

"Kuku wawili? Kuna wageni?"

"Wageni gani. Mmoja wa kuoka, mmoja wa supu."

"Supu ya nani?"

"Ya wali. Wali wako, Pasta. Ulidhani unaiva kwa maombi?"

Naye, kwa kuwa ni mtu wa Mwea na wali ndio shahada yake, akaeleza kwa raha yote: kuku huchemshwa polepole mpaka maji yawe meupe na mazito, anatolewa, mchele unatiwa kwenye yale maji, unanyonya mpaka tone la mwisho, ndipo maziwa yanafuata. Saliki bila supu ya kuku ni uji wa wagonjwa. Mama Kabira ndiye aliyemfundisha, na ile ya dereva anataka supu iwe nzito zaidi, maana mtu mwenyewe alikuwa amekonda.

Alipogeuka aliona Dalmas ameshika mkokoteni kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mashua.

"Uliniambia hakuna nyama," Dalmas akasema.

"Na hakuna. Ulishaona kipande?"

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Wewe uliniambia nyama. Supu hukunitajia. Mimi ni mpishi, Dalmas, si nabii."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake, na hapo Maryann akajua amefanya kitu ambacho hakina jina. Walirudi garini na kuku wao. Madam aliuliza mbona wamechelewa, Maryann akasema foleni.

Dalmas alimpigia Bonface, na Bonface, lazima tumpe haki yake, kwa mara ya kwanza hakucheka. Akawa wakili. Supu si nyama, alisema, ni maji yaliyopita karibu. Tena hukujua. Hata trafiki anakusamehe kama hukuona kibao. Dalmas akamuuliza trafiki wa wapi huyo. Bonface akamwambia basi Mungu huangalia moyo. Ni moyo wa nani, ndilo swali ambalo Dalmas hakulitamka. Mtu mwingine angeweza kujificha nyuma ya neno, akadai aliapa nyama tu. Yeye hakuwa na pa kujificha. Mlango ule wa nyuma mchungaji aliufunga mapema, na funguo aliitoa Dalmas mwenyewe kwa kinywa chake. Alijaribu kukumbuka ni lini saliki ilianza na ni lini mtoto alianza kukaa chini njiani. Akaacha kukumbuka, kwa sababu hesabu ilikuwa inakubali.

Akamwendea Baba kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Baba alimsikiliza vizuri, akauliza umri wa mtoto, akasema maskini. Lakini pasipoti ilikuwa kwenye sefu Riyadh, ruhusa ya kutoka nchini huombwa na kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, na si na mtu mwingine, na sasa hivi nani ataendesha gari Mama Kabira akizidiwa? Akipata nafuu, inshallah. Baba hakuwa anadanganya. Ila inshallah yake haikuwa na tarehe, na figo za bikizee hazikuwa na haraka.

Dalmas akarudi kwa mkate na vitunguu. Alimwambia Maryann asilete tena sahani, naye Maryann akaificha aibu hiyo kwa njia aliyoweza, akawa anakula yeye ile saliki jikoni na kurudisha sahani tupu. Ingefaulu kama Mama Kabira angekuwa kipofu. Dirisha lake lilitazama geti.

Baada ya sala ya alasiri mlango wa nyumba ukafunguka na bikizee akatoka mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu familia ihamie. Alikuja na mkongojo, hatua baada ya hatua, Maryann amemshika mkono mmoja na mkono wa pili amebeba sahani. Dalmas akaruka kumletea kiti cha plastiki cha mlinzi. Mama Kabira akaketi, akavuta pumzi, akasema maneno machache akimtazama usoni.

"Anasema nikuulize kama mtoto amekufa," akasema Maryann.

"Mwambie hajafa."

Bikizee akafikiri, akasema tena.

"Anasema kama yu hai, kwa nini umekikataa chakula chake. Leo amekipika mwenyewe. Amesimama kwenye jiko na hiyo miguu unayoiona." Kisha Maryann akashusha sauti, kwa Kiswahili chao, akitazama pembeni. "Ukitaka nimwambie habari ya supu, nitamwambia."

Dalmas aliitazama ile miguu. Ilikuwa imevimba, imejaa kandambili mpaka ngozi inang'aa. Akajaribu kupanga sentensi itakayomfikia mama huyu ikimweleza kwamba huruma yake ndiyo iliyomdhuru mtoto wa mtu kule Keroka, akaona hakuna lugha aliyonayo, wala ambayo Maryann anayo, ya kuibeba. Na hata akisema, nini kitarudi kwenye sufuria? Akatikisa kichwa. Akapokea sahani.

Wali ulikuwa moto. Ulikuwa mzuri kama siku zote, na mwili, ule msaliti, ukaupokea kama jamaa aliyetoka safari. Huku akitafuna alikuwa akitafuta kitu kingine cha kumpa Mungu mahali pa kile kilichovunjika. Chai? Usingizi? Alijipekua kama alivyojipekua Eldoret, ila wakati ule alikuwa bado na kinachouma ambacho ni chake mwenyewe. Sasa kila kinachouma kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa, bila yeye kuulizwa, na mikono yake ilitoka mitupu kila mfuko alioingiza.

Simu ikalia. Hannah. Akameza kwanza, ndipo akajibu.

Kliniki wamesema warudi Eldoret, alisema Hannah, na wasingoje. Wanaondoka kesho alfajiri, kakake atawasindikiza. Sauti yake ilikuwa imara, sauti ya mtu anayefunga mizigo huku akizungumza.

"Baba Vale, nikuulize kitu kimoja tu. Bado umeshika?"

Mama Kabira alikuwa anamtazama. Maryann alikuwa anatazama chini.

"Nimeshika," Dalmas akasema.

"Basi siogopi."

Dalmas akaomba amsalimie mtoto. Hannah akasema amelala, siku hizi analala sana, atamsalimia wakifika Eldoret. Wakaagana.

Mama Kabira akamgeukia Maryann, akataka kujua dereva ameambiwa nini. Maryann, aliyekuwa amesikia yote, akamjibu kwamba nyumbani ni wazima. Bikizee akasema alhamdulillah, kwa moyo wake wote, na kwa kidole akamwonyesha Dalmas wali uliobaki ukingoni mwa sahani. Dalmas akauvuta karibu, akaendelea kula, Maryann amesimama pembeni akisubiri chombo.